Hawe, Usimalize

Juzi mtoto wa mdogo wangu alinijia hapa nyumbani jua halijapanda vizuri, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Mama mkubwa, shikamoo."

Nikamwitikia marahaba.

"Umeamkaje?"

Nikamwambia salama.

"Umekula?"

Hapo nikaweka kikombe chini. "Nani amekufa?"

Masikini ya Mungu, kijana wa watu akababaika. Akaanza kunieleza habari za mvua na ubovu wa barabara. Nikamwambia, "Wewe, mimi nimelelewa na habari hizi. Sema." Akasema. Alikuwa ni mama yake, mdogo wangu mimi, tuliyenyonya titi moja.

Basi nimelia, nimezika, nimerudi. Lakini tangu siku hiyo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilichosimamia. Usiku nageuka kama chapati. Na kila nikijilaza, najiona niko Kisauni ile ya vita, kitoto chenye miguu ya vumbi, nimeshika kanga ya Hawe, tunapeleka habari.

Hawe ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama mzazi wa baba. Watu wetu wengi pale walikuwa wameteremka kutoka upande wa Rabai na Kaloleni, wengine kwa ajili ya misheni na shule, wengine kufuata vibarua mjini. Tuliishi nyumba za makuti kati ya minazi na mikorosho, Wakristo na Waislamu mlango kwa mlango, na kengele ya kanisa ya Frere Town ilisikika kwetu sote. Watu wale walikuwa maskini wa vitu vingi, ila kwa maneno walikuwa na madaha, jamani! Mtoto ukiingia ukapayuka tu, unaambiwa, "Rudi nje. Bisha hodi, uingie tena, useme kama mtu." Mimi nilirudishwa nje kila siku ya Mungu. Nilikuwa na ulimi wa haraka, maneno yakitoka mengine yamepanda juu ya mengine, na hata nikiwa kimya kiungo kimoja lazima kicheze. Mama alikuwa akinishika magoti nitulie, nami nikihamia kwenye mabega.

Hawe naye alikuwa kinyume changu kabisa. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini alikuwa akisema neno moja likaisha ndipo alete jingine, na hata kiziwi wa mtaa wetu alidai kwamba Hawe peke yake ndiye anayemsikia. Kwa sababu hiyo alipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Mtu akifa mbali na nyumbani, akizama, akiponzwa na gari huko kisiwani, Hawe ndiye aliyeitwa kwenda kuwaambia wenyewe. Alisukutua kinywa kwa maji safi, akajitanda kanga, kisha akaniita.

"Abee, Hawe!"

"Njoo tukatembee."

Kwa nini alinichukua mimi nisiyetulia? Kwa sababu bibi kizee akionekana anakuja peke yake, amejitanda vizuri, watu wa nyumba ile wangemjua toka mbali, na kilio kingeanza kabla hajafika. Lakini bibi kizee na mjukuu wake anayerukaruka, huyo anakwenda kusalimu tu. Mimi nilikuwa ndiyo pazia lake. Wakati huo sikujua. Nilidhani ananipenda kuliko wajukuu wengine, nikavimba kichwa.

Safari ninayoikumbuka sana ilikuwa ya kwa mke wa mgema mmoja, mama mcheshi aliyekuwa akikuna nazi tulipofika. Hawe alipiga hodi, tukakaribishwa, akaulizia hali ya kila mtoto kwa jina. Kisha akauliza, "Mmekula?" Yule mama akasema bado, chakula ki jikoni. "Basi kula kwanza, mwanangu, nitangoja." Akala kidogo. Hawe akasema mume wake ametoka mapema leo. Ndiyo, mapema. Akasema umande ulikuwa mwingi, na mnazi ukilowa una utelezi. Yule mama akaacha kutafuna. Hawe akasema, nasikia aliteleza. Kisha, ameumia. Kisha, wamemlaza kivulini, wanamtazama. Kisha, hali yake si nzuri. Kila neno alilileta polepole na kulinyamazia, kama mtu anayemshusha mwenzake kisimani ngazi kwa ngazi, na mkono wake ulikuwa umeshamshika yule mama kifundo cha mkono. Mwisho akasema, "Mungu amemtaka, mwanangu. Hatunaye." Ndipo nyumba ikalipuka kwa kilio.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, nilisikia kwa masikio yangu. Tulipoingia, yule mgema alikuwa mzima, ametoka mapema. Hawe akasema ameteleza, akateleza. Akasema ameumia, akaumia. Wakamlaza kivulini, bado anapumua. Lau Hawe angenyamaza pale pale kwenye kivuli, si angekuwepo kivulini mpaka leo wanamtazama? Lakini hakunyamaza, aliendelea mpaka akafika mwisho, na alipofika mwisho mtu wa watu akafa. Niliwaza hivyo njia nzima ya kurudi. Nilimtazama Hawe mdomo, ule mdomo mwembamba wenye ugoro pembeni, nikauogopa kama ninavyoogopa nyoka.

Na baba yangu alikuwa vitani.

Alikuwa keya, askari wa Mwingereza, amechukuliwa na wenzake kutoka kwetu wakapakiwa melini, na neno tulilolijua ni Bama, basi. Hatukujua Bama iko wapi. Mimi nilidhani ni mahali nyuma ya Likoni, kwa kuwa meli zilipotelea upande ule. Pamoja naye aliondoka Kalume, mtoto wa pekee wa jirani yetu Mama Kalume, kijana mrefu aliyekuwa akinibeba begani. Mama yangu tangu siku ile akawa mtu wa kuhangaika. Alifagia ua uliokwisha fagiliwa. Alikwenda kisimani na mtungi umejaa. Mdogo wangu huyu niliyemzika juzi alikuwa mgongoni mwake, mchanga kabisa, baba hajamwona hata sura. Usiku nilimsikia mama akigeuka kitandani na kamba za kitanda zikilia, nami nikigeuka kwangu, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu.

Kutoka siku ile ya mgema, kazi yangu ilikuwa moja: kumzuia Hawe asifike mwisho. Kila akija kwetu nilimtangulia mlangoni, nikamwuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Hawe, kwa nini kuku hana meno? Hawe, mbu analala wapi? Akifungua kinywa kumwambia mama jambo, mimi nadondosha kikombe. Mama alinifinya mpaka mapaja yakapata alama. "Mtoto huyu ana shetani!" Hawe alinitazama tu, akasema, "Mwache, ana joto la mwili."

Halafu siku ikaja. Niliyoyajua baadaye nitawaambia sasa, msije mkahangaika bure kama sisi. Asubuhi ile baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi gatini, alimwona ndugu yake akiteremshwa melini pamoja na majeruhi wengine. Yu hai, ana akili zake, ila mguu mmoja umekatwa juu ya goti. Wangemleta nyumbani kwa lori alasiri ile ile. Baba mdogo akakimbia kwa Hawe: "Mama, nenda ukamwambie shemeji. Umwandae. Asije akamwona vile ghafla akaanguka na mtoto mgongoni." Akarudi mbio kazini. Ilikuwa ni furaha, jamani, furaha yenye mguu mmoja, lakini furaha! Mtu mwingine angekuja anapiga vigelegele toka barabarani.

Hawe hakujua kuleta habari namna hiyo. Alikuwa na njia moja tu, ile aliyoizoea. Akasukutua, akajitanda kanga, akaja. Na kwa mara ya kwanza alikuja peke yake, kwa kuwa pazia lake nilikuwa niko huku nyumbani.

Mama alikuwa akimenya muhogo uani. Alimwona Hawe tangu anapita mkorosho wa jirani, na nikaona kisu kimesimama mkononi mwake.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Hawe akaketi kigodani. Akatazama muhogo, akamtazama mama. "Umekula?"

Midomo ya mama ilikuwa imekauka ikawa myeupe.

"Kula kidogo kwanza," Hawe akasema. "Mteremshe mtoto mgongoni."

"Sina njaa, mama."

"Basi mteremshe mtoto tu." Akanyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono. "Nimepata habari za mume wako."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Hawe, miguu inanichezacheza, nahesabu ngazi zake moja moja. Ameshika kifundo tayari! Mbona haraka hivi leo?

"Huko vitani," Hawe akasema, "aliumia."

Nikamrukia. Nilimpanda mgongoni na viganja vyangu vyote viwili nikavibana kinywani mwake, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Hawe, usimalize! Komea hapo hapo! Basi, ameumia, basi!"

Tukaanguka naye chini, kigoda huko na sisi huku. Na mama akatoa kilio. Sijapata kusikia kilio kile tena katika maisha yangu, na nimeshasikia vingi. Alishika kichwa akaenda mbio uani kote, mtoto mgongoni analia, jina la baba linapasua minazi.

Basi watu walikuja! Kwetu kilio hakiulizwi, kinaitikiwa. Kabla Hawe hajainuka na kupangusa mchanga machoni, ua ulikuwa umeshajaa. Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili akaja kichwa wazi, kanga inaburuta, "Inna lillahi, inna lillahi, baba watoto masikini!" Wengine wakaleta mikeka wakaitandika. Mwingine akazima moto wetu jikoni, kwa kuwa nyumba ya msiba haipiki. Mama Kalume akaja na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akamkumbatia mama yangu akamkalisha mkekani na kumpakata kama mtoto. "Lia, dada yangu. Lia, niko hapa."

Hawe alikuwa anapiga kelele. Hawe! Mtu ambaye hajapaza sauti tangu kuzaliwa. "Yu hai! Nawaambia yu hai! Anakuja leo!" Wakamshika mikono wawili huku na wawili huku. Bi Mwanaisha akamwambia kwa huruma, machozi yanamtiririka, "Wallahi mama, tunajua. Mwana ni mwana, moyo haukubali. Keti, unywe maji." Akizidi kusema yu hai, wao wanazidi kulia kwa uchungu wa mzazi aliyepotewa na akili. Sauti ikamkauka. Mwisho akawa anatikisa mikono tu, na watu wakaona hiyo ndiyo huzuni yenyewe.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimefurahi! Nawaambieni kweli tupu. Katika ua ule mzima mimi peke yangu nilikuwa na furaha, nimepanda juu ya kinu, nachezesha miguu. Nilikuwa nimemkomesha kwenye "aliumia". Sasa baba yuko huko Bama ameumia, hafi, hawezi kufa, maana hakuna aliyelisema neno la mwisho. Niliwatazama wale kinamama nikawahurumia kwa ujinga wao. Bi Mwanaisha aliponijia na kunikumbatia nilimwambia, "Usilie, nimemzuia." Akalia maradufu.

Jua likageuka. Walikuwa wamechoka, vilio vimeshuka vimekuwa mguno wa pamoja, tuliposikia lori barabarani likikohoa na kusimama. Halafu nikasikia kitu kikigonga ardhi, tu, tu, tu, kikija kwenye kinjia chetu. Baba mdogo alitokea kwanza, akaganda kama mti. Nyuma yake alikuwa mtu mwembamba katika nguo za keya zilizompwaya, anatembelea magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kupigwa pini.

Alisimama mwanzo wa ua. Akaitazama mikeka, kuni, watu wamekaa chini vichwa vitupu, na jiko limezimwa. Akamtafuta mama yake kwa macho akamwona. Akamtafuta mkewe, hakumwona, kwa kuwa mama alikuwa ameinama kifuani kwa Mama Kalume. Akapauka uso.

"Nani amekufa?"

Mtu mmoja ajibu basi! Watu wote wale wanaojua kusema, waliokuwa wakinirudisha nje nikajifunze kubisha hodi, hakuna aliyeweza kufungua kinywa. Hawe alikuwa hana sauti. Bi Mwanaisha alikuwa ameshika mdomo wake. Baba akauliza tena. Alikuwa anadhani ni mama, au ni sisi watoto. Ningeliona hilo leo. Wakati ule niliona tu kwamba mtu ameuliza swali na hajibiwi.

"Ni wewe," nikamwambia.

Akageuka kunitazama juu ya kinu. Hakunijua mara moja, nilikuwa nimekua. "Mimi?"

"Wewe, baba. Lakini nimemzuia Hawe."

Mama aliinua kichwa. Aliinuka kutoka mkekani akamwendea polepole, akamshika uso, akamshika mabega, akashuka na mikono yake mpaka pale suruali ilipokunjwa, akapashika napo pia. Kisha akamgeuzia mgongo amwone mtoto. Baba akacheka na kulia kwa pamoja, gongo moja likamwanguka, baba mdogo akamwokotea, na kinamama wakapasuka kwa vigelegele. Lo, ua ule! Bi Mwanaisha anapiga takbiri, wengine wanaimba nyimbo za kanisani, mtu anawasha moto aliouzima mwenyewe. Nilibebwa hewani na sijui nani.

Mama Kalume alikuwa akicheka kuliko wote. Alikuwa ameinuka naye, anajipangusa machozi kwa pindo la kanga, akamjia baba na mikono wazi. "Karibu nyumbani, mwanangu, karibu! Tumekulilia mzima, utaishi sana! Na yule mrefu wangu? Mmekuja pamoja, yuko hospitali?"

Nilikuwa juu begani kwa mtu, nikamwona baba akiinamisha macho kwenye magongo yake.

Hawe naye alimwona. Alisogea, sauti yake imebaki upepo mtupu, akamshika Mama Kalume kifundo cha mkono. "Mama Kalume, hebu tuingie ndani kwanza. Upate kitu cha kutia..."

"Mama, mwache," baba akasema. Hakuwa mkali. "Alikuwa mwenzangu. Wacha niseme mimi."

Akajiweka sawa juu ya magongo. Nami nikajikaza kuruka, nikamzibe na yeye, lakini yule aliyenibeba alikuwa amenibana miguu.

"Mama," baba akasema, "Kalume amekufa. Aliumia tumboni, siku ile ile nilipopoteza mguu. Nililala naye, nikampa maji, akanywa. Alikutaja. Tulimzika chini ya mti na padri akasoma."

Moto peke yake ndio uliosikika ukipasuka. Nilimtazama Mama Kalume, nikatazamia aanguke. Na hapo, juu ya bega la mtu, nikaelewa. Baba alikuwa amefika mwisho, na Kalume hakufa pale. Alikuwa amekufa kitambo, amezikwa, majani yameota, wakati Mama Kalume anacheka. Alikuwa amekufa tulipokuwa tukilala na tukiamka, na alipokuwa akileta kuni kwetu.

Mama Kalume hakupiga ukelele. Alikuwa amemkazia baba macho, kichwa amekiinamisha kidogo upande.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Rudia polepole, nisikie vizuri."

Baba akarudia. Alianza upya, "Mama, Kalume amekufa," na kuumia, na maji, na mti, na padri, maneno yale yale, hakupunguza hata moja. Alipomaliza, Mama Kalume akaitikia kwa kichwa. Kisha akajifunga kanga yake kiunoni, akaenda akaketi kwenye mkeka, pale pale mama yangu alipoinuka, na mama yangu akaenda akaketi nyuma yake, akamkumbatia.